Jiwe la Mlangoni

Jiwe la mlangoni lilitolewa Mumbi akiwa Eastleigh kuchagua lesi, na mumewe Kiama akiwa amesimama barazani, mikono kiunoni, kama mtu anayejenga nchi nzima. Aliyelitoa ni Ouko, fundi wao wa miaka mingi, kwa mtaimbo na nyundo. Lilikuwa jiwe refu la kijivu, pana kama benchi la kanisani, nalo lilikuwa limelika katikati hadi maji ya mvua yakawa yanatuama hapo. Tangu walipokodi duka lile, Kiama hakuweza kulitazama bila uso kumwasha.

"Hii jiwe imeisha," alimwambia Ouko. "Bibi ya mheshimiwa atakanyaga hapa na heels, aanguke, halafu watu waseme hatuna hata uwezo wa kuweka ngazi."

Ouko alimkumbusha kwa upole kwamba Mama Wacuka, yaani Mumbi, alikataza mlango usiguswe. Kiama akamjibu kwamba Mama Wacuka anajua mambo ya nguo, habari ya milango awaachie wanaume.

Duka lenyewe lilikuwa mjini Kajiado, karibu na reli. Ni jengo la mawe ambalo mfanyabiashara mmoja Mhindi alilijenga enzi za wakoloni, na sasa lilikuwa linalindwa kisheria kama jengo la kale. Aliyelikodi aliruhusiwa kufanya apendavyo ndani: taa, vioo, zulia, vyumba vya kujaribia nguo. Lakini kuta zisipigwe plasta, mabati yasibadilishwe, na milango, madirisha na vizingiti visiguswe kabisa. Mumbi aliyapenda masharti hayo. Aliuza gauni za ruracio, sherehe ya mahari, na za harusi kwa wanawake wasiouliza bei, na alikuwa amegundua kwamba mtu aliyeshiba pesa hupenda kununua kitu kipya katika nyumba iliyozeeka.

Kiama hakuelewa hata kidogo. Kwao Kimuka mlango wa mama yake ulikuwa na jiwe lililolika vilevile, na maisha yake yote alikuwa akilikimbia. Kwake yeye kitu kikuukuu ni umaskini tu, hata ukiandikiwa sheria. Kwa hiyo aliagiza bamba la graniti nyeusi, linalong'aa hadi mtu anajiona meno, na alitaka mkewe alikute limekwisha kuwekwa. Ilikuwa zawadi.

"Na hii ya zamani nipeleke wapi?" Ouko aliuliza.

"Beba uende nayo. Si kwenu kuna matope? Mwekee bibi yako Mama Amolo kwa mlango."

Huo ulikuwa ukarimu wa kweli, na afadhali usemwe mapema, kwa sababu ndio uliokuja kumwumbua.

* * *

Mumbi aliporudi na mizigo yake na kuiona graniti, alikasirika. Alimwuliza mumewe kama masharti waliyotia sahihi aliyasoma au aliyatumia kufungia sukari. Kiama alinuna, akasema jiwe ni jiwe. Wakabishana barazani hadi mlinzi akaona haya, akazunguka nyuma ya jengo. Lakini sherehe ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi. Kadi zilikuwa zimekwisha kusambazwa Kitengela, Ngong na Kajiado yenyewe, na bibi ya mheshimiwa alikuwa ameahidi kukata utepe. Isitoshe, graniti ile ilikuwa inapendeza, na Mumbi, ambaye macho yake ndiyo yaliyomlisha, aliliona hilo. Akasema watarudisha jiwe baada ya sherehe. Hivyo na yeye akaingia ndani ya kosa hilo kwa miguu yake miwili.

Alhamisi akaja Kakenya. Alikuwa msichana mpole wa ofisi inayosimamia majengo ya kale, aliyevaa shanga za kwao mkononi na viatu vya kutembelea vumbini. Alimwamkia mlinzi kwa Kimaasai, akawasalimu Kiama na Mumbi kwa heshima, halafu akachuchumaa mlangoni, akaweka kiganja juu ya graniti.

"Ile jiwe iko wapi?"

Kakenya akaendelea bila kupandisha sauti. Alisema bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa akikaa juu ya jiwe hilo akingoja sukari ipimwe. "Wamaasai hawakuwa wanaruhusiwa kuingia ndani," alisema. "Walikuwa wanakaa hapo, mkono unatoka kwa mlango na sukari. Hiyo shimo katikati si miguu pekee. Ni watu walikuwa wanakaa wakingoja."

Kakenya akasimama, akaeleza mambo yalivyo. Kama mpangaji mwenyewe ndiye aliyeagiza kizingiti kitolewe, mkataba umevunjika na duka wananyang'anywa. Kama ni fundi alifanya kwa kichwa chake, hiyo ni kesi ya fundi, na mpangaji atapewa nafasi ya kurekebisha.

Hakukusudia kuwaonyesha mlango wa kutorokea. Lakini Kiama aliuona, na akapita.

"Ni fundi," alisema. "Sisi hatukuwa hapa."

Ouko alikuwa ndani akifunga kioo. Aliposikia anatajwa alitoka, bisibisi mkononi. Alimtazama Kiama kwa uso wa mtu anayengoja mzaha umalizike ili acheke. Mzaha haukumalizika. Akamtazama Mumbi. Mumbi alikuwa amegeukia sanamu ya kuvalishia nguo, akaanza kuinyoosha kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Ni wewe ulitoa jiwe?" Kakenya aliuliza.

"Ni mimi nilitoa."

"Nani alikutuma?"

Kwao Ouko alilelewa kujua kwamba mtu mzima haumbuliwi mbele ya mkewe na mbele ya mtoto wa kumzaa; unamwachia nafasi aseme mwenyewe. Basi alimwachia Kiama nafasi. Kimya kilikuwa kirefu vya kutosha kwa mtu yeyote mwenye ulimi. Kiama aliutumia wake kuongeza jambo jingine: kwamba jiwe lilivunjika na kupelekwa na lori la taka. Moyoni alijiambia anamkinga Ouko, kwa sababu jiwe likionekana nyumbani kwake ataitwa mwizi. Uongo nao hujipaka manukato.

Kakenya alipiga simu, na polisi wawili wakaja kwa miguu, maana kituo hakikuwa mbali. Hawakumpiga wala kumsukuma. Kabla ya kwenda, Ouko alimkabidhi Kiama bisibisi. "Kile kioo cha kona bado hakijakazwa, mzee," alisema. "Kisije kikaangukia mtu."

Kakenya alifunga mlango kwa kufuli la ofisi yao. Jiwe lingine la aina ile likipatikana na kuwekwa kabla ya Jumamosi, alisema, yeye mwenyewe atakuja kufungua.

* * *

Jioni, nyumbani kwao Kitengela, chakula kilipoa mezani. Kiama alisema ni siku mbili tu. Jumamosi ikipita salama atakwenda Kajiado, atazungumza na watu, amtoe Ouko, na amfidie vizuri. Alirudia hayo mara nyingi sana, na Mumbi hakumwuliza kwa nini.

"Hilo jiwe kweli lilivunjika?" aliuliza badala yake.

"Halikuvunjika. Liko kwa Ouko. Nilimpatia."

Mumbi aliweka mkono mdomoni. Simu ya Kiama ikaanza kulia juu ya meza, karibu na sufuria. Jina lilisomeka wazi: Mama Amolo. Huyo ni Akoth, mke wa Ouko. Mume na mke waliitazama ikilia, ikizungukazunguka kwa mtetemo, hadi ikanyamaza. Ikalia tena. Kiama akaigeuza kifudifudi. Wala si kwamba walimchukia mwanamke huyo. Mwaka Mumbi alipofanyiwa upasuaji, ni Akoth aliyekuja kumfulia na kumwogesha kabla dada zake hawajafika. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Akoth hakuwahi kuisema popote.

Mumbi angeweza kumwambia mumewe avae koti waende kituoni wakaseme ukweli. Maneno yalifika kooni. Halafu akaziona gauni zake zimening'inia gizani nyuma ya kufuli, akaona uso wa bibi ya mheshimiwa akisoma ujumbe kwamba sherehe haipo, akayameza. Tusimpunguzie kosa. Aliyameza akijua.

Asubuhi alimwambia Kiama kwamba jiwe zima litamridhisha Kakenya kuliko jiwe lingine lolote. Walichukue, walirudishe, waseme limeokotwa kwenye jaa. Hivyo duka litafunguliwa na kesi ya Ouko itakuwa nyepesi. Kiama alikubali haraka. Alimwambia yeye aende kwa Akoth kwanza, kwa kuwa wanawake huelewana. Mwenyewe atakuja nyuma na pikapu.

* * *

Mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ya Kitengela anayeijua ni anayeishi huko. Ule udongo mweusi hushika kiatu kama una deni nacho. Mumbi alifika kwenye ploti ya kina Ouko akiwa amebeba tope hadi kwenye vifundo. Mlangoni mwa chumba cha mabati alilikuta jiwe. Lilikuwa limelazwa sawasawa, limepigwa pima maji, na ule mbonyeo wa katikati ulikuwa umepokea tope la nyumba nzima.

"Panguzia hapo, Mama Wacuka," Akoth alimkaribisha. "Siku hizi nyumba yangu haina matope. Si ni nyinyi mlitupatia?"

Mumbi alipanguza viatu. Jiwe lilikwangua vizuri.

Akoth alikuwa na habari tayari. Ouko alikuwa ameazima simu ya askari, akamwambia kuna makosa kidogo yametokea saiti lakini asiwe na wasiwasi, mzee Kiama anashughulikia. Ndiyo sababu alikuwa akipiga simu jana, alisema. Alitaka tu kuwashukuru. Akamwekea Mumbi chai ya maziwa katika kikombe cha wageni, akavuta kiti kizuri. Mumbi alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakukipeleka mdomoni.

"Hiyo jiwe inatakikana Kajiado," alisema hatimaye. "Ikirudi, watamwachilia Baba Amolo."

Alisema hivyo tu. Akoth hakuuliza swali. Alitoka, akamwagia jiwe maji, akachukua brashi ya kufulia akalisugua tope lote, kwa sababu, alisema, si vizuri kurudishia watu kitu chao kikiwa kichafu. Kiama alipofika na pikapu, Akoth aliita majirani wakasaidiana kulipakia. Halafu akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani, amebeba ugali na samaki kwenye hotpot.

"Nitaenda na nyinyi," alisema. "Hajakula tangu jana."

Alikaa katikati yao, hotpot mapajani, na kati ya Kitengela na Isinya aliwashukuru kwa kuacha shughuli zao. Kati ya Isinya na Kajiado yeye alitazama barabara kwa utulivu, na wao walikuwa wanafikiria jambo lilelile. Lile jaa la taka walilolipanga asubuhi lisingeweza kutajwa mbele yake.

* * *

Kakenya alikuwa kituoni akimaliza kuandikisha maelezo yake. Alitoka nje akaliona jiwe ndani ya pikapu, akaupapasa ule mbonyeo, na uso wake ukalainika.

"Mlisema ilivunjika."

"Imepatikana," Kiama alisema.

"Wapi?"

Kiama alikohoa. Alitazama mti, akatazama bendera. Akoth alidhani mzee anaona haya kujisifu kwa wema wake, akaona amsaidie.

"Ilikuwa kwangu, madam," alisema. "Huyu mzee ndiye alitupatia. Alimwambia Baba Amolo atoe hii ya zamani aweke ile nyeusi, halafu hii akasema tuchukue tuweke kwa mlango, sababu ya matope. Ni mtu mzuri sana. Sijui makosa ilitokea wapi."

Askari wa zamu aliyekuwa dirishani aliacha kuandika. Kakenya hakumtazama Akoth, alimtazama Kiama.

"Ni kweli?"

Kiama alivua kofia, akaizungusha mikononi kama anatafuta mahali ilipochanika.

"Nimekuuliza, mzee."

"Ni kweli," alisema Kiama, lakini sauti haikutoka. Ikabidi aseme tena, kwa nguvu zaidi, na watu waliokuwa wamekuja kwa mambo yao wenyewe wakageuka kumtazama.

Walimleta Ouko. Hakuwa na mshipi, na viatu alikuwa amevibeba mkononi. Alimwona mkewe, akaliona jiwe, akaona kofia ya Kiama, akaelewa yote bila kuambiwa. Aliketi kwenye ngazi, akavaa viatu polepole. Akoth ndiye aliyechelewa kuelewa. Alitazama uso mmoja hadi mwingine, kisha akageuka kwa Mumbi.

"Ulijua?"

Mumbi aliinamisha kichwa.

"Ulikaa kwa kiti changu, nikakupa chai, ukijua?"

Mumbi alitaka kusema kwamba chai hakuinywa. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, alishukuru Mungu kwamba angalau hilo hakulisema. Akoth alimfungulia mumewe hotpot pale pale kwenye ngazi za kituo, akamnawisha mikono kwa maji ya chupa, akasimama mbele yake ili watu wasimwangalie akila.

* * *

Duka halikunyang'anywa. Kakenya aliandika kwamba jiwe limerudi zima, na wakubwa wake wakaamua kuwapa onyo. Lakini kufuli halikutoka kabla ya Jumamosi. Mumbi aliwaandikia wageni kwamba sherehe imeahirishwa kwa sababu zisizozuilika, na bibi ya mheshimiwa akajibu kwa picha ya kidole gumba. Gauni lake alinunua kwingine. Habari yenyewe ilikuwa imeshafika Kitengela kabla yao. Kanisani wanawake wa kikundi walimpa Mumbi pole kwa sauti tamu, kisha wakahamia benchi la mbele.

Kakenya alitaka jiwe lirudishwe na mkono uleule ulioling'oa. Ouko alikuja. Kiama, akiwa na suruali yake nzuri, alimchotea maji na kumkorogea udongo na chokaa, na mara mbili alifungua mdomo aombe radhi, na mara zote mbili Ouko alimwomba amsogezee mwiko. Kazi ilipokwisha, Ouko alipanga vifaa vyake kwenye gunia. Akaingia ndani, akakaza kile kioo cha kona, akatoka.

"Tayari, mzee," alisema. Hakurudi tena kuwafanyia kazi.

Kiama hakulala vizuri kwa muda. Mwishowe alifanya jambo alilolijua, kutoa zawadi. Alipakia lile bamba la graniti, likiwa bado linang'aa, akalipeleka kwa kina Ouko badala ya jiwe walilolichukua. Aliporudi alimwambia Mumbi kwamba Akoth alipokea vizuri na akasema asante. Alionekana ametua mzigo.

Mvua ikanyesha tena. Mumbi alivaa viatu vya kawaida, akaenda kumwona Akoth, bila zawadi mkononi, kwa kuwa kila zawadi aliyoifikiria ilimtia haya. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alipofika aliiona graniti imeegemezwa ukutani kando ya tangi la maji, uso wake unaong'aa umeelekezwa kwenye mabati. Mlangoni palikuwa na gunia lililokunjwa, limelowa tope.

Akoth alifungua mlango, akasimama hapo.

"Habari, Mama Wacuka."

"Nzuri. Mbona hamjaweka ile jiwe?" Mumbi aliuliza. Kati ya maneno yote aliyoyapanga, ni hilo lililotoka.

"Inateleza," Akoth alisema. Hakuwa na hasira. Alifikiri kidogo, kisha akaongeza, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya pale: "Na watu watauliza tumeitoa wapi."

Mumbi alianza kupanguza viatu kwenye gunia. Alipanguza kimoja, halafu kingine, halafu kile cha kwanza tena, na kilikuwa kimekwisha kutakata. Akoth alimngoja amalize. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, na hakumwambia aingie.